Bei ya Kwenda Busia na Kurudi

Jirani wa kwanza aliyekuja kunipa hongera alisimama mlangoni, akachungulia kulia, akachungulia kushoto, kisha akaniuliza, "Liko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole upande wa bara, ng'ambo ya maji. Lori langu lilikuwa Mokowe, limeegeshwa karibu na gati, kwa sababu sisi watu wa Wiyoni, hapa kisiwani Amu, tuna vichochoro vya kupita punda na mkokoteni, si gari la magurudumu kumi. Yule jirani alicheka hadi akakaa chini. "Yaani umeoa, halafu bibi harusi umemwacha bara?"

Nami nikacheka. Siku zile nilikuwa nacheka kwa lolote. Miaka mingi nilikuwa dereva wa watu, napeleka makontena kutoka Mombasa hadi mipakani, na gari si langu, mzigo si wangu, hata kiti nilichokalia si changu. Mke wangu aliuza bangili zake za dhahabu, mimi nikauza kipande cha shamba la minazi nilichorithi kwa baba, tukaongeza akiba yetu ya tangu tuoane, tukanunua lori kuukuu lenye injini nzima na rangi iliyochoka. Kila asubuhi nilipanda boti nikavuka kwenda kulitazama. Sikuwa na kazi nalo bado. Nilikuwa nafungua mlango, nakaa, nashika usukani, napiga honi mara moja bila sababu yoyote, nafunga mlango, narudi nyumbani nikanywe chai. Wenye boti wakanizoea. Wakawa wananiuliza, "Ameamkaje leo?"

Kisha simu ikalia.

Alikuwa Bi mmoja wa Kizingitini, mfanyabiashara wa samaki, ambaye nilimjua kwa sifa tu. Alinunua kamba mawe na samaki kwa wavuvi, na papa aliwakausha mwenyewe kwa chumvi. Hakunizungusha.

"Nasikia una gari."

"Ninalo, Bi."

"Nina papa mkavu wa kwenda Busia. Wapeleka kwa kiasi gani?"

Nikahamishia simu sikio la pili. Njia ya Busia niliijua kama kiganja changu. Nilijua mlima gani unataka gia gani, na hoteli ipi chai yake ni maji matupu. Lakini bei sikuijua. Kazi ile ya zamani tuligawana: bosi alikaa ofisini akikata bei, mimi nilikuwa barabarani nikikata kona. Hakuna aliyewahi kuniuliza kiasi gani, na sasa Bi wa watu alikuwa ananingoja kwenye simu huku nasikia kuku wake wakilia kwa nyuma.

"Bi, mtandao wa huku si mzuri," nikasema. "Nitakupigia."

Mke wangu alikuwa jikoni akikaanga viazi karai vya kuuza jioni. Nikamweleza. Hakugeuza kichwa, maana mafuta yalikuwa yanaruka.

"Huyo bosi wako alikuwa akitoza ngapi?"

"Sijui. Mimi nilipewa ya mafuta na ya chakula tu."

"Basi anza na mafuta."

Nikaanza na mafuta. Nikaongeza chakula cha njiani, mahamali wa kupakia na wa kupakua, tairi maana zinalika, fundi maana lori ni kuukuu, na ujira wa kaka yake, shemeji yangu, ambaye nilikuwa nimemwahidi kazi ya utingo. Nikajumlisha kichwani, nikatangaza kwa fahari, "Laki na kidogo."

Akaepua viazi. "Na kurudi?"

"Kurudi nitakuwa mtupu."

"Kwani gari likiwa tupu halinywi mafuta?"

Nikakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi kilichokuwa pale. Miaka yote ile nilirudi mtupu mara nyingi, nikiimba, bila kuwaza hata siku moja nani analipa.

"Na harufu je?" akaendelea. "Huyo ni papa mkavu. Ukishamshusha, nani atakubali kukupa mzigo wake? Magodoro? Unga?"

"Harufu nayo ina bei?"

"Katika bei ya viazi vyangu kuna vile vinavyoungua," akasema, "na kuna hivyo mnavyokula nyinyi mkipita." Mkono wangu wakati huo ulikuwa tayari kwenye sinia. Tukaangua kicheko wote wawili, nikaungua ulimi, na kabla viazi havijapoa tukafikia laki mbili.

Laki mbili! Nilipoitamka mara ya kwanza sauti ilipanda mwishoni ikawa swali. "Usiulize," mke wangu akasema. "Sema." Nikatoka nikatembea ufukweni nikiisema. Nikaiambia mashua iliyopinduliwa. Nikamwambia punda aliyebeba mchanga, "Laki mbili, na sipunguzi," akanipita kama hakusikia. Mwenye punda ndiye aliyesimama. "Laki mbili kwa punda gani?" akauliza.

Nikaona heri nikamwone Bi ana kwa ana, maana kwenye simu ningetaja tena mtandao. Nikaenda Kizingitini na shemeji. Yeye ni fundi wa kuaka nyumba za mawe, mtu mnene mwenye sauti ya kuita ng'ambo, na kwa maisha yake yote hajapita Malindi. Tangu nimwambie kuhusu Busia alikuwa halali. Ndani ya boti aliwaeleza abiria wote kwamba anakwenda mpaka wa nti nyingine, na kwamba huko kuna baridi ya kutoa moshi mdomoni.

Bi alitupokea barazani. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye miwani, na nyuma ya nyumba yake papa walikuwa wametandazwa juani kama nguo. "Ndooni, wanangu, ndooni mule kwanza," akasema. "Mambo ya bei ni baadaye."

Tukaletewa wali wa nazi. Nikatia tonge la kwanza kinywani, akauliza, "Enhe, kiasi gani?"

Nikaonyesha kwa mkono kwamba natafuna.

Ikaja sahani ya kamba mawe, nyama yake nyeupe, imekaangwa kwa vitunguu saumu na ndimu. Nikaonja, dunia ikatulia. "Kiasi gani, mwanangu?" Natafuna. Ikaja mkate wa mofa na mchuzi wa kukolea. "Hujasema." Shemeji, ambaye mchuzi ulikuwa umefika kwenye kiwiko, akainua uso wake uliojaa shukrani na kusema, "Bi, kwa chakula hiki, mzigo wako tungeubeba bure!"

Nilimfinya paja hadi akaruka. Na hapo ndipo nilipofahamu: kila sahani inayokuja inakuja kula ndani ya bei yangu. Kamba mmoja tu alikuwa amekwisha kumeza tairi la mbele. Nikaomba maji, nikanawa mikono, nikaifuta sawasawa, nikajiweka mbali na sinia, nikasema, "Bi, ni laki mbili."

Haikuwa swali. Niliisikia mwenyewe, nikafurahi mno, nikasema tena. "Laki mbili."

"Themanini elfu," akasema Bi, akiniongezea kamba.

"Bi, themanini itanifikisha nusu ya ndia."

"Lori za Mombasa..."

"Lori za Mombasa haziji Mokowe kwa ajili ya papa. Mimi niko hapa. Nimekula wali wako."

Akatabasamu. "Haya. Laki moja. Hiyo ni bei ya kwenda."

"Na kurudi, Bi?"

"Kurudi kwani mimi narudi? Papa wangu harudi. Gari lirudi lisirudi ni shauri lako."

"Papa harudi, Bi, lakini mimi nina mke."

Shemeji akacheka kwa sauti yake ile, kuku wakatawanyika. Bi naye mabega yalianza kutikisika, ila hakutaka kunipa ushindi. Akapanda hadi laki na nusu. Nikamweleza mlima, mafuta, tairi. Akapanda hadi laki na themanini, akatia mkono kifuani. "Hapo basi. Na harufu nakupa bure."

"Harufu ndiyo ghali, Bi," nikasema. "Nikishashusha papa wako, hakuna wa kunipakia hata kuni. Hiyo laki mbili ndani yake mna harufu."

Alivua miwani. Alicheka machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya leso, akavaa miwani, akanitazama, akavua tena. "Wallahi," akasema, "nimeuza samaki tangu mama yangu yu hai, sijapata kuuziwa harufu yangu mwenyewe." Akanipa mkono. Laki mbili, nusu mbele kwa ajili ya mafuta. Tukala halua. Safari hii nilitafuna bila hofu.

Papa walivuka kwa mashua hadi Mokowe wakiwa ndani ya makanda ya kusukwa, na Bi alikuja pamoja nao kuhakikisha. Mahamali walipomaliza kupakia na turubai limefungwa, alilizunguka lori lote, akagonga tairi kwa kiatu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama angeweza kupanda mbele kidogo. Nikamfungulia. Alipanda na buibui lake, taratibu, akakaa, akaweka mikono juu ya usukani. "Hiyo ni nini?" Nikamwambia ni honi. Akaibonyeza. Kunguru wote wa Mokowe wakaruka. Akaibonyeza tena, ndefu zaidi, na alipoteremka uso wake ulikuwa wa msichana.

Tukaondoka kwa msafara, pamoja na magari mengine na askari wa kutulinda, kama ilivyo desturi ya njia ile hadi Garsen. Shemeji alisoma dua hadi sauti ikakauka, kisha akaanza kutazama. Alitazama kila kitu. Twiga walipotokea kule mbuga za Tsavo aliteremsha kioo akawatolea salamu. Tulipofika ukingo wa Bonde la Ufa, barabara ikaning'inia na bonde lote likawa chini yetu, alishika kiti kwa mikono miwili, akasema, "Shemeji, hapa Mungu alimwaga nti akasahau kuizoa." Kule juu ya Nakuru, kwenye baridi, alijifunga kikoi kichwani akawa anahema dirishani ili auone moshi wa mdomo wake, na kila ukitoka alinigutua niutazame.

Mimi nilikuwa naimba. Siwezi kueleza vizuri ilivyokuwa. Kilima ni kile kile nilichokipanda miaka kumi na zaidi, gia ni zile zile, lakini injini ilikuwa ikinguruma kwa ajili yangu. Hata mashimo yalikuwa yangu. Askari wa barabarani walitusimamisha kama wanavyosimamisha malori yote, lakini walipokaribia ule upande wa turubai walipunguza mwendo, wakaziba pua, wakatuashiria kwa mkono twende, twende tu. Nikamwambia shemeji harufu imeanza kutulipa.

Busia, wanunuzi walikuwa wanangoja, wengine wametoka ng'ambo ya mpaka. Watu walikuwa wameniuliza njia nzima, unapelekaje samaki upande wa ziwa? Lakini wale wanunuzi walipofungua kanda la kwanza, mama mmoja akainama, akavuta pumzi ndefu iliyofika tumboni, akapiga makofi. Samaki wa ziwa wanao tele, ila ile chumvi ya bahari hawana. Mzigo ulishuka upesi kuliko ulivyopanda. Nikampigia Bi. "Wamefika salama?" akauliza, kama anayeulizia wanawe.

Kisha tukabaki na lori tupu, na kweli mke wangu hakukosea. Madalali wa mizigo kwenye uwanja wa malori walinikaribia kwa bashasha, wakafika hatua chache, wakakumbuka shughuli nyingine. Tukaosha lori kwa sabuni. Tukaosha kwa ndimu. Jua likawaka, harufu ikaamka upya, kama vile ilikuwa imelala ikapumzika.

"Ngoja," akasema shemeji, akaingia kwenye begi lake. Mtu wa Amu hasafiri bila ubani, naye alikuwa na ubani, na kipande cha udi mzuri alichotiliwa na mkewe. Akaazima sufuria iliyotoboka na makaa kwa mama mchoma mahindi, akaviweka ndani, akaingia navyo nyuma ya lori, tukashusha turubai ili moshi ukolee.

Ukakolea. Ukatoka kwenye kila tundu la turubai, mzito, mweupe, ukapanda angani. Mtu akapiga kelele, "Lori linaungua!" Kufumba na kufumbua uwanja mzima ulikuwa umetuzunguka, na kijana mwenye nguvu akatokea na ndoo ya maji, akafunua turubai, akammwagia shemeji kichwani. Shemeji akatoka ndani, ameloa, anafuka udi, kofia imemshukia masikioni, akasema kwa adabu zote, "Ahsante, lakini huu ni ubani."

Sikuweza kusimama. Nilishikilia tairi nikicheka, mama wa mahindi anacheka, kijana wa ndoo anaomba msamaha huku anacheka. Na katikati ya kundi lile alikuwepo mwalimu mmoja mwenye tai, amekunja uso kwa mawazo. Alikuwa na ngoma na tarumbeta za bendi ya shule yake, zinatakiwa Mombasa kwenye mashindano. Wanafunzi wangekwenda kwa basi, lakini lori alilokodi kwa ajili ya vyombo lilikuwa limeharibika. Akachungulia nyuma ya lori langu, akanusa.

"Linanuka kama harusi," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Harusi iliyopikwa samaki."

"Hakuna harusi ya kwetu isiyo na samaki, Mwalimu."

"Kiasi gani hadi Mombasa?"

Na hapo kichwa kikanizunguka kwa furaha, maana nilifahamu ghafla kwamba kurudi kwangu kulikwisha kulipwa Kizingitini. Chochote ambacho mwalimu angetoa kilikuwa juu ya hapo. Nilikuwa karibu kumwambia panda tu, lete ngoma zako, twende! Ulimi ulikuwa tayari mlangoni. Lakini nikasikia kichwani mafuta ya viazi ya mke wangu yakiruka, nikalimeza neno lile, nikataja bei ya haki, ya lori lisilotaka kurudi tupu kwa mtu aliyeachwa njiani. Mwalimu akataka nipunguze kwa sababu ya harufu. Nikamwambia udi ule una bei kuliko samaki wote tuliowaleta, na yeye anausafiria bure. Akakunjua uso kwa mara ya kwanza. Tukakubaliana pale pale, bila wali wala kamba.

Safari ya kurudi ilikuwa na muziki wake. Tulizifunga ngoma kwa kamba na magunia, lakini kila shimo zilisema, na kila tuta zilijibu, na ile kubwa kuliko zote ilikuwa ikitoa mlio mmoja mzito ambao shemeji aliungoja kama mtoto anavyongoja fataki. Akitabiri shimo mbele, alihesabu, "Moja, mbili..." nami kwa siri nilikuwa nakwepa, kisha nikimwonea huruma nampeleka kwenye jingine. Watu wa kando ya barabara walitupungia. Mji mmoja watoto walitukimbilia wakidhani tunaleta sarakasi.

Mombasa tulikuta wale wanafunzi wamekwisha kufika, wamejaa uwanjani mwa shule waliyopangiwa, wana wasiwasi. Walivamia lori wakateremsha vyombo, wakanusa, wakatazamana, lakini furaha ya kuziona ngoma zao nzima ilizidi. Mwalimu akawaambia wajaribu kila kimoja kama hakikuvunjika. Wakajaribu. Kwanza moja moja, kisha ngoma ndogo zikaingia, ile kubwa ikashika, tarumbeta zikapasua.

Shemeji akanitazama. Nikajua. Akavuta fimbo mbili tulizokuwa tukiinulia turubai, akanirushia moja. Bendi ilikuwa inapiga wimbo wa gwaride, sijui wa wapi, lakini ngoma ni ngoma, na sisi tulizaliwa kwenye kirumbizi, ngoma yetu ya fimbo. Tukaingia katikati ya uwanja, fimbo juu, tukazungukana, tukapiga hatua, fimbo zikagongana kwa mdundo, mimi na nguo za safari na yeye na tumbo lake, mwepesi kama manyoya. Wanafunzi wakapiga kelele za furaha, wakaongeza kasi. Mwalimu alilegeza tai. Shemeji alinizidi kwenye fimbo, kama anavyonizidi siku zote, akanigusa bega kistaarabu, nikakubali, na wale watoto wa mbali wakampigia tarumbeta ya ushindi iliyomfanya atoe machozi.

Tangu hapo nimekata bei nyingi. Nyingine zilikuwa juu mno, mteja akanishukuru akaenda zake. Nyingine zilikuwa chini, nikapeleka vitunguu vya watu kwa gharama yangu, nikicheka peke yangu kwenye mlima. Bi wa Kizingitini nimempelekea papa mara nyingine, na kwa kuwa sasa najua wa kunipakia huko, nimempunguzia pale kwenye kurudi. Alinihoji sana kabla ya kukubali, akidhani kuna hila. Shemeji ameacha kuaka nyumba. Anasema nyumba hazendi popote.

Juzi asubuhi nilikuwa Mokowe nikibadilisha mafuta ya injini, mikono myeusi, simu ikalia. Mtu wa Ndau. Kisiwani kwao hakuna barabara, kila kitu ni kwa chombo, kwa hiyo nilidhani amekosea namba. Hakukosea. Alikuwa ameuza mashua yake kwa mtu wa Naivasha, mwenye hoteli kando ya ziwa, na mashua hiyo ilipaswa kupanda lori.

"Mashua nzima, Bwana?" nikauliza.

"Nzima. Na mlingoti wake. Ni kiasi gani?"

Nikaweka chini kopo la mafuta. Nikaifikiria ikipanda ukingo wa Bonde la Ufa, tanga limekunjwa, watu wa milimani wamesimama kando ya barabara. Nikamwita shemeji kwa mkono aje haraka. Kisha nikafuta kiganja kwenye kikoi, nikaweka simu sawa sikioni, nikamwambia yule bwana anipe kwanza urefu wa mashua.